Maswali ya Wasomaji: Kitabu Chembamba Kuhusu Vita Vikubwa

Tangu tugusie vitabu vifupi vya utangulizi kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vya kurasa 100 hadi 150, barua hazijakatika. Tumechagua saba. Tulizofupisha, tumefupisha maneno tu, hoja tumeziacha kama zilivyo.

Ndugu wahariri, nina vitabu viwili mezani. Kimoja kina kurasa 900, kingine 120. Rafiki yangu anasema hicho kidogo ni cha watoto na nitapoteza muda. Nianze na kipi?

Anza na kidogo, wala usione haya.

Piga hesabu hii. Tangu Austria-Hungaria ilipotangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai 1914 hadi mizinga iliponyamaza magharibi mwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, zilipita siku 1,567. Zigawe kwa kurasa 120: kila ukurasa unabeba siku 13. Mapigano ya Verdun peke yake, mwaka 1916, yalichukua siku 302. Kwa kipimo hicho yangedai kurasa 23, na hakuna mwandishi wa kitabu chembamba atakayekubali deni hilo. Atayapa aya mbili, akijikaza tatu. Maana yake ni kwamba kila aya iliyobaki kitabuni imeshindania nafasi na nyingine kumi zilizotupwa. Unachonunua ni uamuzi wa mjuzi: kipi kilivuta kipi, na kipi kingeweza kukosekana bila hadithi kukatika.

Kitabu kinene hakikufanyii kazi hiyo, na si kosa lake. Kifungue kwenye sura ya Julai 1914 utakutana na Berchtold wa Vienna, Sazonov wa St Petersburg, Grey wa London, Poincaré wa Paris na Bethmann Hollweg wa Berlin, wote ndani ya kurasa chache, pamoja na mabalozi wao na telegramu zao. Msomaji mgeni hajui nani atakuwa na uzito baadaye na nani anapita tu, hivyo anawabeba wote sawa. Mzigo huo ndio unaowafanya watu wengi wakiache kitabu kabla hata majeshi hayajachimba mahandaki. Aliyepitia chembamba kwanza anajua tayari kwamba Bethmann Hollweg atabaki kuwa kansela wa Ujerumani hadi Julai 1917, kwa hiyo anamkazia macho.

Ila usikitafutie kitabu kidogo harufu ya handaki, wala tabia za majenerali. Hakina nafasi, na kikijaribu kinaharibu hata kile kilichokiweza.

Nitajuaje kama kitabu kifupi ni kizuri kabla sijatoa pesa yangu?

Dakika kumi za kukipekua zinatosha, ukijua pa kufungua.

Fungua kwanza yaliyomo, uhesabu kurasa. Ikiwa Ufaransa na Ubelgiji zimepewa 80 na upande wa mashariki umepewa tano, hiyo si historia ya vita vyote, jalada liseme litakavyo. Bila mashariki, mwaka 1918 haueleweki: Urusi ilisimamisha mapigano Desemba 1917, ikatia saini mkataba wa Brest-Litovsk tarehe 3 Machi 1918, na tarehe 21 Machi Ujerumani ikashambulia magharibi ikiwa na divisheni ilizozihamisha kutoka mashariki. Kitabu kisichounganisha mambo hayo mawili kitakuonyesha shambulio lililodondoka kutoka mbinguni.

Kisha nenda Julai 1914. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni; Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti. Katikati kuna siku 37, na ndizo zenye maelezo. Tafuta hatua hizi: Ujerumani kuiahidi Austria-Hungaria kuiunga mkono bila masharti (5 na 6 Julai), onyo la mwisho kwa Serbia lenye saa 48 za kujibu (23 Julai), Urusi kuamuru jeshi lake lote liitwe (30 Julai), Ujerumani kutangaza vita dhidi ya Urusi (1 Agosti) na Ufaransa (3 Agosti), kisha kuingia Ubelgiji (4 Agosti). Kitabu kinachoruka kutoka risasi ya Princip, aliyemuua Franz Ferdinand, hadi vita vya dunia kwa sentensi moja, huku kikitaja “mfumo wa miungano” kama vile ulikuwa mashine isiyo na mtu, kirudishe rafuni.

Ramani: zisipungue tatu, yaani Ulaya nzima yenye mipaka ya 1914, medani ya magharibi, na ya mashariki. Ukiisoma vita hii kwa ramani ya leo utapotea siku ya kwanza. Polandi haikuwa dola. Lviv iliitwa Lemberg na ilikuwa ndani ya Austria-Hungaria. St Petersburg ilibadilishwa jina ikawa Petrograd vita vilipoanza. Kitabu kifupi kisicho na ramani hata moja kimekuachia nusu ya kazi yake.

Mwisho, soma kurasa tano za mwisho. Zikuonyeshe namna upande wa Ujerumani ulivyoporomoka kipande kwa kipande: pigo la Amiens tarehe 8 Agosti 1918, Bulgaria kusalimu 29 Septemba, Milki ya Osmani 30 Oktoba, Austria-Hungaria 3 Novemba, ndipo Ujerumani yenyewe 11 Novemba. Waandishi wavivu huirusha Marekani kutoka kuingia vitani Aprili 1917 moja kwa moja hadi ushindi, wakati jeshi lake lilifika Ulaya kwa wingi 1918 tu.

Tazama pia mwaka wa kuchapishwa. Nyaraka za Urusi zilianza kusomwa kwa upana baada ya 1991, kwa hiyo kitabu cha 1970 kinaweza kuwa kimeandikwa kwa ufundi mkubwa na bado kiwe na shimo upande huo.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Nilikisoma kitabu chote kwa siku mbili na nikakipenda, lakini baada ya wiki nimebaki na Sarajevo, mahandaki na gesi basi. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea kukisoma haraka. Mara ya kwanza kinatakiwa kisomwe hivyohivyo, bila kalamu, ili uone umbo zima. Kilichokosekana ni mara ya pili.

Chukua karatasi kubwa uilaze. Chora safu nne za kushuka: Magharibi, Mashariki, Kusini, yaani Italia, Balkani na Milki ya Osmani, halafu Bahari na Nje ya Ulaya. Kisha mistari tisa ya kukata, kila mmoja nusu mwaka, kuanzia Julai–Desemba 1914 hadi Julai–Novemba 1918. Una vyumba 36. Soma tena, na kila tukio liingie chumbani mwake kwa maneno yasiyozidi sita pamoja na tarehe. Ukiandika zaidi ya sita utaanza kunakili kitabu, na mkono unaonakili haufikiri.

Watu wengi hujaza safu kwa kushuka, magharibi yote kwanza, kisha mashariki yote, kwa sababu ndivyo sura za vitabu zilivyopangwa. Wewe ukimaliza kujaza, soma kwa kukata. Faida yote iko hapo. Chukua mwaka 1916, mistari yake miwili. Magharibi: Wajerumani washambulia Verdun, 21 Februari. Kusini: Waaustria washambulia Waitalia huko Trentino, Mei. Mashariki: Brusilov, jenerali wa Urusi, ashambulia Waaustria, 4 Juni. Magharibi tena: Waingereza na Wafaransa waanza Somme, 1 Julai. Kusini: Romania yaingia vitani upande wa Urusi na wenzake, 27 Agosti.

Sasa vuta mishale. Washirika, yaani Uingereza, Ufaransa, Urusi na wenzao, walikuwa wamekubaliana huko Chantilly, Ufaransa, Desemba 1915, washambulie pande zote kwa wakati mmoja ili Ujerumani isiweze kuhamisha askari. Verdun ikaja kabla yao, ikanyonya divisheni za Ufaransa, na ndiyo maana Somme iliyopangwa kuwa ya Wafaransa zaidi ikageuka kuwa ya Waingereza zaidi. Italia ilipobanwa ikaiomba Urusi iharakishe. Brusilov akapiga, Austria ikalazimika kuachana na Trentino na kupeleka askari mashariki. Romania ilipoona Waaustria wanayumba, ikajitosa. Siku mbili baadaye, 29 Agosti, Falkenhayn aliyeipanga Verdun akaondolewa ukuu wa majeshi ya Ujerumani, wakaingia Hindenburg na Ludendorff.

Matukio hayo ukiyakuta kila moja kwenye sura yake, ni orodha ya kukariri. Ukiyaona kwenye mstari mmoja, huhitaji kukariri, maana ukikumbuka moja linakuitia jingine. Wiki ijayo ifunike karatasi, jaribu kuandika upya vyumba vya 1916 na 1917 tu. Vitakavyobaki vitupu ndivyo vya kurudia, usirudie kitabu kizima.

Jambo dogo: safu ya nne itaonekana tupu, nawe utashawishika kuifuta. Iache. Uingereza ilianza kuifungia Ujerumani njia za bahari tangu 1914, na kizuizi hicho hakina tarehe ya kupendeza kama pambano la majini la Jutland, lakini kilikuwepo kwenye mistari yote tisa. Chora mstari mrefu wa kushuka kukionyesha.

Kitabu kimoja kinasema siku ya kwanza ya Somme Waingereza walipoteza watu 57,470, kingine kinasema 19,240. Nani anadanganya?

Hakuna. Takwimu ya 57,470 ni ya wote waliotoka kwenye hesabu ya jeshi la Uingereza siku hiyo ya 1 Julai 1916: waliokufa, waliojeruhiwa, waliotoweka na waliotekwa. Waliokufa ndani ya hao ni 19,240. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kuwakusanya wote hao, kwa hiyo mfasiri mwenye haraka huandika “waliuawa 57,470” na kosa linaanza safari yake. Neno “majeruhi” nalo halifai, linaacha wafu nje.

Kabla hujanukuu takwimu yoyote ya vita hivi, uliza: ni ya jeshi la nani, ya siku ngapi, na ni wafu au ni jumla? Wafaransa nao walishambulia Somme siku ileile na hawamo kwenye hesabu hiyo. Kitabu kifupi kikikupa namba isiyojibu maswali hayo matatu, soma aya yake, namba iache.

Tarehe nazo zina mtego mmoja, wa Urusi. Hadi mwanzoni mwa 1918 Urusi ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yaliangukia 7 Novemba 1917 kwa kalenda tuitumiayo.

Nasikia vitabu vifupi vina upendeleo, hasa kuhusu nani aliyesababisha vita. Ni kweli?

Vyote vina upendeleo, na vinene pia. Tofauti ni kwamba kinene kina nafasi ya kukuonyesha ubishi wenyewe, chembamba hukupa hukumu na kupita. Ubishi huo ni mkongwe. Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kiliitwika Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Baadaye wengi walilegeza, wakasema dola zote ziliteleza pamoja. Mwaka 1961 mwanahistoria Mjerumani Fritz Fischer akairudishia Berlin mzigo, na nchini mwake kelele hazikuwa ndogo. Hadi leo wapo wanaotazama zaidi Vienna, na wapo wanaoitazama St Petersburg.

Hukumu ya mwandishi utaikuta kwenye vitenzi. “Vita vilizuka.” “Vita vililipuka.” “Ulaya ilijikuta vitani.” Sentensi hizo hazina mtendaji, vita vimezuka kama ndui. Weka pembeni yake “Ujerumani iliivamia Ubelgiji” au “Vienna iliandika onyo ililotaraji likataliwe”, na ghafla kuna mtu mwenye kalamu mkononi. Pita kwenye sura ya Julai 1914 ukipigia mstari kila kitenzi kikuu, kisha hesabu ni dola gani imepewa vitenzi vya kutenda na ipi imepewa vya kutendwa au vya kujikuta. Kwa robo saa utajua mwandishi anamshika nani, hata kama hajathubutu kulisema.

Mbona vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki hupewa aya moja tu, au havitajwi kabisa? Hicho kitabu kinafaa kweli?

Aya moja kwenye kurasa 120 si dharau yenyewe. Swali ni aya hiyo inasema nini. Nyingi husimulia jinsi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alivyowakwepa Waingereza kwa ujanja miaka minne, tangu Tanga, Novemba 1914, hadi alipoweka silaha chini Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Yote ni kweli, na bado kiini kimeachwa. Kiini ni wapagazi.

Fikiria hesabu yao. Mbung’o waliua farasi, ng’ombe na nyumbu, magari yalikwama kwenye matope ya masika, reli hazikufika kila mahali. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mpagazi abebe kilo 25 za posho, ale kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, mwenyewe amekula 20; anayemfikishia askari ni kilo 5. Askari 1,000 wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji wapagazi 200 wafike kila siku, na kwa kuwa kila msafara unachukua siku 20, barabarani lazima wawepo watu 4,000 wakati wote. Hapo hujabeba risasi, dawa wala mzinga. Maghala ya njiani yalipunguza makali, lakini hayakuifuta hesabu hii. Jeshi lilivyozidi kusonga mbele ndivyo lilivyohitaji watu zaidi wa kulilisha.

Ndiyo sababu upande wa Uingereza na washirika wake uliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na vifo vilivyoandikwa rasmi vikazidi 90,000, vingi kwa kuhara, malaria na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walitumia wapagazi, na orodha zao ni pungufu zaidi. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kitabu chenye aya moja inayowataja watu hao na kueleza kwa nini walihitajika kimefanya haki. Chenye kurasa tatu za ushujaa wa jenerali bila wao hakijaeleza jinsi vita hivyo vilivyowezekana.

Nimemaliza kifupi na karatasi yenye vyumba nimejaza. Sasa nisome nini?

Usikimbilie kile cha kurasa 900 bado. Tazama karatasi yako, tafuta chumba kinachokuwasha, yaani ulichokijaza bila kukielewa. Kwa wengi huwa ni Caporetto ya Oktoba 1917, au Gallipoli ya 1915, au kwa nini Bulgaria ilijiunga na upande uliokuja kushindwa. Tafuta kitabu cha kampeni hiyo moja, kurasa 200 hadi 300. Kisha kumbukumbu au shajara ya mtu mmoja aliyekuwepo. Kinene kifuate hapo, na utashangaa kitakavyosomeka.

Unapofika huko, tengeneza kijedwali cha vikosi ukibandike ndani ya jalada, kwa sababu wafasiri wetu wengi huita kila kitu “kikosi”. Kombania ilikuwa na watu kama 200 hadi 250. Batalioni, takriban 1,000. Divisheni ya Uingereza ya 1914, kama 18,000. Ya Marekani ya 1918, kama 28,000. Ukikuta “vikosi vitatu vilivuka mto”, usiendelee kabla hujajua ni watu 700 au 50,000. Kwa kawaida urefu wa medani waliyopewa, ukiupima kwenye ramani, utakusaidia kukisia: divisheni nzima haijipangi kwenye mita 300 za ukingo wa mto.